Uigaji wa kompyuta kwa ukumbi wa wanaowasili: nianzie wapi, na matokeo yake yanaaminika kiasi gani?

Nuru_Changanyikeni ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa usafirishaji hapa Dar es Salaam, na mada niliyokubaliwa ni kutumia uigaji wa kompyuta kupunguza msongamano wa abiria katika jengo la kiwanja cha ndege, hususan ukumbi wa wanaowasili kutoka nje ya nchi. Kiwanja ninachokichunguza sitakitaja, kwa kuwa ruhusa niliyopewa ya kukusanya takwimu ina masharti yake. Niseme tu kwamba ni cha ukubwa wa kati, ndege zake nyingi za nje hutua kwa mafungu alasiri na usiku, na mlolongo wa abiria ni ule mnaoufahamu: kushuka, kuonyesha cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zinazohusika, dawati la uhamiaji, mkanda wa mizigo, eksirei ya forodha, kisha mlango wa nje wanakosubiri ndugu na madereva wa teksi.

Jambo linalonitatiza ni kwamba takwimu za mwaka mzima zinaonyesha ukumbi hautumiki hata nusu ya uwezo wake, na msimamizi mmoja aliniambia waziwazi kuwa hakuna tatizo la kuchunguza. Lakini ukisimama pale jioni, ndege mbili zinapotua kwa kufuatana, foleni inavuka eneo lote la kamba na kurudi nyuma hadi kwenye ngazi ya umeme. Nimeanza kutengeneza modeli kwa SimPy, zana ya Python ya kuiga matukio na foleni, kwa sababu haina malipo na Python naifahamu kiasi, ila nimekwama kwenye maamuzi ya msingi. Muda wa huduma dawatini niuweke kama wastani, au namna nyingine? Je, nahitaji programu zinazoonyesha watu wakitembea, kama AnyLogic, au hayo ni mapambo tu? Na nitamshawishi vipi msimamizi huyo kwamba namba zilizotoka kwenye kompyuta yangu zinahusu ukumbi wake na si ukumbi wa kufikirika?

Mzee_wa_Foleni amejibu:

Ndugu Nuru, hongera kwa mada. Msimamizi hakukudanganya, na macho yako pia hayakukudanganya. Yeye anaisoma siku nzima, wewe unaisoma saa moja ya siku hiyo. Tupige hesabu ndogo kwa namba za mfano kabla ya kugusa kompyuta.

Tuseme ukumbi una madawati 8 na kila abiria anachukua sekunde 75 kwa wastani. Dawati moja litahudumia abiria 48 kwa saa, na yote manane 384. Ikiwa kwa siku wanapita abiria 2,400 katika saa 20 za kazi, wastani wao ni 120 kwa saa, yaani chini ya theluthi moja ya uwezo, na yeyote anayesoma taarifa ya mwaka atasema nafasi ipo tele. Sasa zishushe ndege mbili, moja ya watu 240 na nyingine ya 180, kiasi kwamba wote 420 wanaingia ukumbini ndani ya dakika 40. Katika dakika hizo madawati yatakuwa yamewahudumia 256. Waliobaki 164 wanahitaji karibu dakika 26 zaidi, na huo ndio muda atakaosubiri aliye mkiani. Ukikuta maafisa watano tu ndio walio zamu, uwezo unashuka hadi abiria 240 kwa saa, na aliye mkiani anasubiri dakika 65. Hapo hatujaingiza kubahatisha kokote. Ni kujumlisha na kutoa.

Kuhusu wastani wa muda wa huduma, nakusihi usiutumie peke yake. Hizo sekunde 75 zinaweza kuwa zimetokana na asilimia 70 ya abiria wanaochukua sekunde 45, kwa mfano wenyeji na wenye viza tayari, pamoja na asilimia 30 wanaochukua sekunde 145 kwa sababu wanalipia viza papo hapo. Hesabu inalingana kabisa na ile ya mwanzo, lakini ukumbi ni mwingine. Ukiyagawa madawati manne kwa kundi la kwanza na manne kwa la pili, kundi la kwanza litamalizika dakika ya 55 na la pili dakika ya 76, tukihesabu tangu abiria wa kwanza kufika. Maana yake, kwa dakika 21 maafisa wanne wanatazamana huku upande wa pili watu wamesimama na watoto mgongoni. Ukiyagawa matatu kwa matano, mambo yanageuka: wenyeji ndio wanaochelewa, hadi dakika ya 73, na upande wa viza unamaliza dakika ya 61. Kama afisa yeyote angeruhusiwa kumhudumia yeyote, wote wangekwisha karibu na dakika ya 66. Na huo mchanganyiko wa 70 kwa 30 haudumu: ndege iliyojaa watalii wanaokwenda Serengeti haifanani na ile inayowarudisha wafanyabiashara kutoka Dubai. Hapa ndipo uigaji unapoanza kukupa kitu ambacho karatasi haikupi, kwa kuwa unaweza kumwekea kila abiria wa kila ndege kundi lake, kisha ukajaribu kanuni ya kuhamisha maafisa kutoka upande mmoja hadi mwingine foleni inapofikia urefu fulani.

Nadharia ya foleni ni ya zamani. Agner Krarup Erlang aliianzisha mwaka 1909 akichunguza simu za mji wa Copenhagen, na kanuni zake bado zinafundisha. Kwa dawati moja lenye wateja wanaofika bila mpango na muda wa huduma unaotawanyika sana, dawati likiwa na shughuli kwa asilimia 80 ya muda, kusubiri ni mara 4 ya muda wa huduma. Kwa asilimia 90 ni mara 9. Kwa asilimia 95 ni mara 19. Mweleze msimamizi wako namba hizo tatu tu, ataona kwa nini kuondoa afisa mmoja wakati wa pilika hakupunguzi huduma kidogo kama inavyodhaniwa. Ila usizitumie kanuni hizo kuhesabu jioni yenyewe, kwa sababu zinadhani hali imetulia kwa muda mrefu, na ndege zikishusha watu kwa mafungu hakuna kutulia.

Mwisho, endesha kila hali mara nyingi kwa mbegu tofauti za namba nasibu, yaani namba za kuanzia zinazoipa kila mara bahati yake, na usitoe wastani wa kusubiri pekee. Toa pia muda ambao abiria 95 kati ya 100 hawakuuzidi, kwa sababu malalamiko huandikwa na wale watano waliobaki.

Bi_Zamu_ya_Usiku amejibu:

Mimi si mhandisi, ila nimefanya kazi kwenye kumbi za abiria kwa miaka mingi, na modeli mbili tatu nimeziona zikiletwa kwenye vikao vyetu. Zote zilikuwa na kasoro moja: abiria wake walikuwa mmojammoja. Huku kwetu anafika baba ameshika pasipoti tano, mke na watoto wako nyuma yake, na wote wanasogea dawatini pamoja. Afisa anawaita kwa majina ili alinganishe sura, mtoto mmoja amelala begani inabidi aamshwe, na muda wao si mara tano ya mtu mmoja wala si sawa na mtu mmoja. Hesabu familia kama kundi lenye muda wake.

Jambo la pili ni alama za vidole. Ukisimama karibu utaona mahali sekunde zinapokwenda: mashine inakataa vidole vya mzee aliyelima maisha yake yote, au vya bibi harusi mwenye hina mbichimbichi, afisa anapangusa kioo kwa kitambaa, anamwambia abonyeze tena, anajaribu mkono wa pili, na mwishowe anamwita mwenzake. Watu wa namna hiyo ni wachache, lakini kila mmoja wao anaweza kula muda wa abiria wanne, na wakitokea wawili kwa pamoja kwenye madawati yanayopakana, utadhani mtambo umezimika. Ndugu Mzee_wa_Foleni amesema kweli kuhusu wastani.

La tatu ni fomu. Pale ambapo abiria bado anajaza kadi ya kuwasili kwa mkono, nenda ukatazame wanapoiandikia. Wengi hawakuijaza ndani ya ndege, kalamu hawana, wanaandika wameegemea ukuta au mgongo wa mwenzao, na wengine wanagundua wamesahau sehemu ya anuani wakiwa tayari mbele ya afisa. Huo ni muda wa huduma unaohesabiwa dawatini ilhali chanzo chake ni meza na kalamu zilizokosekana mita ishirini nyuma. Ijaribu kwenye modeli yako: ondoa fomu zisizokamilika dawatini, uone zinakuokolea madawati mangapi.

Kisauni_Hesabu amejibu:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Naomba niwe mpinzani kidogo. Hesabu zote alizofanya Mzee_wa_Foleni amezifanya bila uigaji, na ushauri wa Bi_Zamu unahitaji meza na kalamu, si programu. Nimehudhuria maonyesho ambapo mshauri alifungua kompyuta, vitu vidogo vya rangi vikatembea ukumbini, wakubwa wakapiga makofi, na hakuna aliyeuliza muda wa huduma ulipimwa wapi na lini. Jedwali la kawaida lenye safu ya kila dakika tano, likionyesha waliofika, waliohudumiwa na waliobaki, linaweza kumjibu msimamizi kwa siku moja.

Isitoshe, mabadiliko makubwa ya msongamano mara nyingi huja kwa uamuzi wa sera. Kenya ilipoondoa viza mwezi Januari 2024 na kuweka idhini ya kielektroniki inayoombwa kabla ya safari, sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanyika dawatini ilihamia kwenye simu ya abiria akiwa bado kwao. Tanzania nayo ina viza ya mtandaoni tangu 2018. Kabla ya kuiga ukumbi, je, Ndugu Nuru amejiuliza ni asilimia ngapi ya abiria wake wanafika wakiwa na viza mkononi, na kwa nini waliobaki hawanazo?

Mzee_wa_Foleni amejibu:

Ndugu Kisauni_Hesabu, nakubaliana nawe kuhusu maonyesho ya vitu vya rangi, na kwa hatua ya kwanza jedwali ni bora kuliko modeli mbovu. Lakini jedwali lina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana pale vituo viwili vinapofuatana.

Endelea na mfano wangu. Tuseme msimamizi ameshawishika, ameongeza madawati kutoka 8 hadi 12, na uwezo wa uhamiaji umepanda hadi abiria 576 kwa saa. Mbele yake kuna eksirei mbili za forodha, kila moja ikipitisha begi moja kwa sekunde 12, yaani mabegi 600 kwa saa kwa mashine zote mbili. Ikiwa kila abiria ana begi moja na nusu kwa wastani, hao ni abiria 400 kwa saa. Hapo awali uhamiaji ndio uliokuwa mlango mwembamba. Sasa ni eksirei, na watu 420 wanahitaji dakika 63 kuipita. Ukumbuke kwamba kwa madawati 8 mtu wa mwisho alimaliza uhamiaji karibu dakika ya 66. Kiwanja kimejenga madawati manne, kimeajiri maafisa, na abiria wa mwisho ametoka nje dakika chache tu mapema, tena safari hii foleni imesimama kati ya mikanda ya mizigo, mahali ambapo hakuna kamba wala kiyoyozi cha kutosha, na matoroli yanawagonga watu visigino. Bado hatujaweka ucheleweshaji wa mizigo yenyewe kutoka kwenye ndege, ambao mara nyingi ndio unaoamua kila kitu: ukimharakisha abiria uhamiaji ili akasubiri begi, hujampa chochote.

Mambo hayo yanapoingiliana, huku kila moja likitawanyika kivyake, jedwali linaanza kutoa majibu ya matumaini kupita kiasi, kwa sababu linatumia wastani mahali ambapo bahati mbaya za vituo viwili hukutana. SimPy inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Kuhusu viza, swali lako ni zuri, na Ndugu Nuru anaweza kuliweka ndani ya modeli kama hali mojawapo: viza ya mtandaoni ikipandisha asilimia ya wenyeji na wenye viza tayari kutoka 70 hadi 85, ni madawati mangapi yanaokolewa saa ya pilika? Hiyo ni hoja ambayo wizara inaweza kuisikia.

Salma_wa_Ghuba amejibu:

Niongeze kuhusu programu za watu wanaotembea, kwa kuwa nafanya kazi Ghuba kwenye kiwanja kikubwa cha kubadilishia ndege, na huku tunazitumia aina zote mbili.

Modeli ya vituo na foleni, kama ya SimPy, inamchukulia abiria kama tukio: amefika, amehudumiwa, ameondoka. Haijui kwamba ana mwili. Modeli ya watembea kwa miguu inampa kila mtu nafasi, mwendo na mwelekeo; nyingi zinatokana na kazi ya Dirk Helbing na Péter Molnár ya mwaka 1995, ambayo inamwona mtu kana kwamba anavutwa na anakokwenda na kusukumwa na watu na kuta zilizo karibu. Unaihitaji pale ambapo nafasi yenyewe ndiyo tatizo. Foleni yako inayorudi hadi kwenye ngazi ya umeme ni mfano halisi, na mimi ningeuchukulia kuwa suala la usalama kabla ya kuwa suala la starehe: ngazi inaendelea kushusha watu hata kama chini hakuna pa kukanyaga. Kwa sehemu hiyo moja tu, yaani kutoka ngazi hadi mwisho wa kamba, modeli ya watembea kwa miguu ina faida, na JuPedSim ya kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, haina malipo. Kwingine kote usijisumbue.

Hata kabla ya hapo, ipo kanuni ya John Little ya mwaka 1961 inayokupa jibu la haraka: idadi ya watu ndani ya foleni ni sawa na kasi ya kuhudumiwa mara muda wa kusubiri. Ukumbi unaohudumia abiria 384 kwa saa wenye foleni ya dakika 20 una watu 128 waliosimama. Ukimpa kila mmoja mita mraba 1.2, unahitaji mita mraba 154 za kamba. Pima za kwako. Kama ni 100, umeshajua foleni itaishia wapi.

Kuhusu kipimo cha huduma nzuri, IATA, yaani jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege, ilikuwa ikitumia herufi A hadi F, zilizofuata mawazo ya John Fruin wa New York kuhusu nafasi ya mtembea kwa miguu, lakini tangu 2014 imeziacha na kugawa ukumbi katika hali tatu: uliozidi mahitaji, unaofaa, na usiotosheleza. Napenda mgawanyo huo kwa sababu unakiri kwamba kujenga kupita kiasi nako ni kosa. Usimwahidi msimamizi ukumbi usio na foleni, hautalipika.

Tena, usisahau wafanyakazi ndani ya modeli yako. Terminal 5 ya kiwanja cha Heathrow, London, ilifunguliwa tarehe 27 Machi 2008 baada ya majaribio na maelfu ya watu waliojitolea kuigiza abiria, na bado siku ya kwanza ilivurugika, mizigo ikarundikana na safari zikafutwa. Miongoni mwa sababu ni kwamba wafanyakazi walichelewa kupata maegesho na kupita ukaguzi wa usalama wao wenyewe. Mwaka 2022 kiwanja hichohicho kiliweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku katika msimu wa kiangazi, huku majengo yakiwa yaleyale yaliyobeba watu wengi zaidi kabla ya korona. Waliopungua walikuwa watu wa kufanya kazi. Kwa hiyo dawati kwenye modeli yako lisiwe wazi kwa sababu tu limejengwa. Liwe wazi kwa mujibu wa orodha ya zamu, pamoja na mapumziko na swala.

Nuru_Changanyikeni amejibu:

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba nianze na jedwali, kisha SimPy yenye makundi ya abiria, familia na zamu, na sehemu ya ngazi niishughulikie peke yake. Swali langu la mwisho limebaki: muda wa huduma nitaupima vipi bila kamera, kwa kuwa ruhusa ya kamera sina, na nitathibitisha vipi kwamba modeli inafanana na ukumbi?

Mzee_wa_Foleni amejibu:

Omba kumbukumbu za mfumo wa kusoma pasipoti, bila majina wala namba za pasipoti. Unachohitaji ni namba ya dawati na saa ya kusoma. Tofauti kati ya usomaji mmoja na unaofuata kwenye dawati hilohilo ndiyo muda wa huduma, ikiwemo sekunde za abiria kutembea kutoka kichwa cha foleni hadi dawatini. Ila chukua vipindi ambavyo foleni ilikuwepo tu, vinginevyo utakuwa umehesabu muda wa afisa kukaa bila mtu kama muda wa kazi, na modeli yako itaona foleni ambazo hazipo.

Kwa uthibitisho, gawa siku zako mafungu mawili. La kwanza litumie kujengea modeli. La pili lifiche. Kisha iingizie modeli saa halisi ambazo ndege ziliegeshwa katika siku ulizoficha, idadi ya abiria wake na madawati yaliyokuwa wazi, na ulinganishe urefu wa foleni iliyotabiriwa na uliouhesabu kwa macho kila dakika tano. Saa halisi, narudia, si ratiba. Ndege zilizopangwa kupishana kwa saa nzima hutua pamoja mara moja ikichelewa. Mpelekee msimamizi mchoro wa jioni anayoikumbuka yeye mwenyewe, mistari miwili, wa ukumbi na wa modeli, na umwachie aulize.

Bi_Zamu_ya_Usiku amejibu:

Na ukienda kuhesabu foleni, usisimame nyuma ya afisa ukiwa na saa mkononi. Atabadilisha mwendo, wengine wataharakisha na wengine watakuwa makini kupita kawaida, na utaondoka na takwimu za siku ya ugeni. Jitambulishe kwa kiongozi wa zamu, kaa upande wa mikanda ya mizigo unakoona mkia wa foleni, na uwahi kabla ya ndege ya kwanza, kwa sababu ukifika watu wameshajaa hutajua foleni ilianza saa ngapi.